Bei Yangu Haishuki

Barua ya kukukata malipo haikuambii kwamba unakatwa. Inakuambia kwamba kampuni "inaboresha mfumo wa viwango". Inakuita mshirika mpendwa, inakushukuru kwa miaka yote mliyofanya kazi pamoja, inataja hali ya soko, kisha katika aya ya tatu inakupenyezea tarakimu. Iliyonifikia mimi mwaka jana ilitoka kwa wakala wa tafsiri wa ng'ambo niliyekuwa nimemfanyia kazi miaka sita. Kuanzia mwezi uliofuata, neno nililokuwa nalipwa senti 6 za dola lingelipwa senti 4. Chini kabisa kulikuwa na kitufe cha kubonyeza ili kukubali. Cha kukataa hakikuwepo.

Sikubonyeza. Wenzangu watatu walibonyeza usiku uleule. Mmoja wao, mama wa watoto wawili anayetafsiri vizuri kuliko mimi, alinipigia simu kesho yake akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama: "Dada, ningefanyaje?"

Siku ile sikumjibu, kwa sababu sikujua namna ya kulisema jibu langu bila kumwumiza. Leo namjibu, yeye na wote walio kama yeye: tusikubali. Mtafsiri, mhariri, mpiga picha, msanifu wa kurasa, mwandishi wa kujitegemea anayelipwa kwa kila habari inayochapishwa gazetini, mtaalamu wa programu anayelipwa kwa saa, sote tunaouza kazi yetu kwa kipande, tusikubali kushushiwa kiwango. Mteja ana bajeti ndogo? Apewe kazi ndogo. Lakini bei ya neno, ya saa, ya picha, ibaki pale ilipo.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo tunapoibiwa tukiwa macho.

Mtafsiri makini anayeanza na ukurasa mtupu humaliza maneno kama 2,000 kwa siku, 2,500 kama matini ni nyepesi. Kwa senti 6, maneno 2,000 ni dola 120. Kwa senti 4 ni dola 80. Umekatwa theluthi moja. Sasa ili uzirudie zile dola 120 unahitaji kutafsiri maneno 3,000, yaani kazi ya siku moja na nusu uimalize ndani ya siku moja. Ukikatwa theluthi unatakiwa uongeze nusu. Wanaobonyeza kitufe usiku hujiambia kwamba watajikaza kidogo. Hakuna kidogo hapo. Saa nane za kazi zimekuwa kumi na mbili, kila siku, mwaka mzima, na macho ni yaleyale na mgongo ni uleule.

Na hayo ni mapato kabla ya gharama. Tuseme katika kila dola 120, dola 40 si zako: ni za intaneti, umeme wa LUKU, leseni ya programu ya kutafsiria, kompyuta inayochakaa, bima ya afya, makato ya kupokea fedha kutoka nje, kodi, na zile siku ambazo faili halikuja kabisa. Unabaki na 80. Wakala akishusha malipo yako hadi dola 80, zile 40 za gharama hazitikisiki, kwa sababu TANESCO na mwenye nyumba hawajui habari za soko la tafsiri. Unabaki na 40. Wakala atasema kwa nia njema kabisa kwamba amekupunguzia theluthi. Nyumbani kwako imepungua nusu.

Hapa kuna jambo ambalo hata sisi wenyewe tunalisahau. Kiwango cha mtu wa kujitegemea si mshahara. Mwajiriwa akiugua analipwa, akienda likizo analipwa, mwajiri wake anamchangia NSSF. Sisi likizo yetu, ugonjwa wetu, uzee wetu na uzazi wetu vyote vimo ndani ya zile senti 6. Hakuna mfuko mwingine. Anayesema "ni senti mbili tu" anakata malipo ya uzee ya mtu ambaye hatamwona akizeeka.

Sasa nije kwenye hoja wanayoitumia mawakala siku hizi, ile inayotunyamazisha. Wanasema mashine ya kutafsiri imekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi. Wewe unapitia tu.

Hiyo "tu" ndiyo uongo wenyewe.

Kazi zangu nyingi ni za afya: fomu za ridhaa za watu wanaoshiriki majaribio ya dawa, maelezo yanayokunjwa ndani ya paketi za vidonge, madodoso ya kina mama waliojifungua. Matini ya Kiingereza inamtaka mgonjwa ameze kidonge kimoja asubuhi na kimoja usiku, mara zote mbili saa ya Kizungu ikionyesha 8. Mashine inaandika "saa 8:00 usiku". Sentensi inateleza vizuri. Upatanisho wa ngeli hauna kasoro. Mtu mwenye haraka akiipitia haoni kitu. Lakini mgonjwa wa Ifakara au Kilifi akisoma saa 8 usiku anaelewa saa nane ya usiku, watu wote wakiwa wamelala, saa sita nzima baada ya muda aliokusudia daktari. Sisi hatuhesabu saa kuanzia usiku wa manane. Tunaanza jua linapochomoza na linapotua, na muda ule kwetu ni saa 2 usiku. Dawa inayotakiwa kumezwa kila baada ya saa kumi na mbili imevurugwa ratiba yake na herufi chache zisizo na hata kosa moja la sarufi. Na kwenye cheti cha usahihi wa tafsiri jina linalosainiwa ni la mtafsiri. Mashine haisaini.

Nimekuta jaribio la dawa limegeuzwa "kesi", kana kwamba mgonjwa anaitwa mahakamani. Nimekuta kundi moja la washiriki wa utafiti limeitwa "mkono". Kosa la mwanafunzi wa tafsiri unaliona kwa mbali, kwa sababu sentensi yake inachechemea. Kosa la mashine limevaa nguo safi, limechana nywele, limekaa mstari wa mbele. Ili kulikamata lazima nisome Kiingereza chote, nisome Kiswahili chote, nilinganishe sentensi kwa sentensi, na nishuku hata palipo sawa.

Nilijipima. Nilichukua fomu ya ridhaa ya maneno 4,000 iliyotafsiriwa na mashine, nikaweka saa mezani. Kuihariri hadi nikawa tayari kuitia sahihi yangu kulinichukua saa 11. Kuitafsiri mwenyewe tangu mwanzo kungenichukua saa 16. Kwa hiyo mashine imeniokolea saa tano, na sikatai, saa tano ni kitu. Lakini kwa uhariri wa namna hiyo wakala alikuwa anatoa senti 2.5 kwa neno: dola 100 kwa saa 11, dola 9 na senti kidogo kwa saa. Kazi ileile kwa njia ya zamani ingenilipa dola 240 kwa saa 16, yaani dola 15 kwa saa. Mashine ilipunguza kazi kwa chini ya theluthi, wakala akapunguza malipo kwa zaidi ya nusu. Hicho kilichozidi hapo katikati kilitoka mwilini mwangu.

Kama kweli kazi imebadilika, basi ipimwe kwa kipimo chake. Nilipwe kwa saa. Faili ambalo mashine imelifanya vizuri nitalimaliza upesi na mteja atalipa kidogo. Faili bovu litachukua muda na mteja atalipa sawasawa. Nimelipendekeza hili kwa mawakala kadhaa. Wanalikataa, na sababu yao naijua: malipo ya saa yanamwachia mteja mzigo wa ubovu wa mashine aliyoichagua mwenyewe, na malipo ya neno yananitwisha mimi.

Tumeshapita njia hii. Miaka ya tisini zilipoenea programu za kumbukumbu za tafsiri kama Trados, ambazo huhifadhi sentensi ulizokwisha kutafsiri na kukurudishia zinapojitokeza tena, mawakala walianza kudai punguzo kwa kila sentensi inayojirudia au inayokaribia kujirudia. Watafsiri wengi walinunua programu hizo kwa fedha zao, wakajifunza kwa muda wao, halafu faida ya kasi waliyoipata wakaikabidhi kwa wakala kupitia jedwali la punguzo. Leo jedwali hilo linatajwa kama sheria ya Mungu, na vijana wanaoingia kwenye kazi hii hawajui kwamba kulikuwa na wakati lilipokuwa ombi tu, na kwamba kuna watu wangeweza kulikataa.

Mwaka 2024 Society of Authors, chama cha waandishi cha Uingereza, kilitoa matokeo ya uchunguzi kwa wanachama wake. Zaidi ya theluthi ya watafsiri waliojibu walisema wamekwisha kupoteza kazi kwa sababu ya akili mnemba, na asilimia 43 walisema kipato chao kimeshuka thamani. Nimesikia watu wakizitaja tarakimu hizo kama ushahidi kwamba lazima tulegee. Mimi zinanifundisha kinyume chake. Mashine ni bure, au karibu na bure. Huwezi kushindana na bure kwa kushusha bei. Mteja aliyeamua kwamba maneno yoyote yanatosha hatabaki na wewe kwa sababu umeshuka hadi senti 4, wala senti 2, wala nusu senti. Anayebaki ni yule anayehitaji mtu wa kuwajibika, mtu atakayesema "saa 2 usiku" na kuweka jina lake chini yake. Ukimfuata yule wa kwanza kwa punguzo, umemfundisha huyu wa pili kwamba jina lako pia lina punguzo.

Watasema tena: sawa, lakini ukikubali sasa, hali ikitengemaa kiwango kitapanda. Sijawahi kuona. Kiwango ulichokikubali kinaandikwa kwenye mfumo wao, na mazungumzo yote yajayo yanaanzia hapo. Rafiki yangu wa Nairobi alikubali kukatwa asilimia 20 mwanzoni mwa 2024. Dola wakati ule ilikuwa imefika shilingi 160 za Kenya, naye akapiga hesabu kwamba hata akikatwa, shilingi zitakazoingia hazitakuwa mbali na alizozoea miaka miwili nyuma. Kufikia katikati ya mwaka shilingi ilikuwa imepata nguvu, dola ikashuka hadi karibu 129, ikakaa hapo. Palipokuwa panaingia dola 100, yaani shilingi 16,000, sasa panaingia dola 80, yaani shilingi 10,300 hivi. Aliandika kuomba kiwango chake cha zamani. Alijibiwa kwamba kiwango kilichopo alikikubali mwenyewe kwa hiari. Neno "hiari" waliliandika wao, wakimwandikia mtu aliyekuwa na kodi ya nyumba ya mwezi mmoja mbele yake.

Halafu kuna hoja ya gharama ya maisha. Mawakala wa Ulaya na Marekani huniambia bila haya kwamba Dar es Salaam maisha ni nafuu, kwa hiyo hata senti 4 kwangu ni nyingi. Kompyuta ninayoifanyia kazi haikutengenezewa Kariakoo. Leseni ya programu naikata kwa dola zilezile anazolipa mtafsiri wa Berlin. Na mteja wa mwisho, shirika au kampuni ya dawa inayotaka Kiswahili, hauziwi Kiswahili kwa bei ya Dar es Salaam. Kila tarehe 7 Julai tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO. Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikipitisha kuwa lugha yake ya kazi. Hotuba zinatolewa, ngoma zinapigwa. Lugha inapandishwa jukwaani na wanaoibeba mgongoni wanashushiwa malipo mwaka huohuo. Hilo linaniuma kama mzungumzaji wa lugha hii kabla halijaniuma kama mtafsiri.

Ni mara chache sana tunapata kuona mteja wa mwisho analipa nini. Dirisha moja lilifunguka Januari 2023, jarida la TIME lilipochapisha habari za wafanyakazi wa kampuni ya Sama jijini Nairobi waliokuwa wakisoma na kuchambua maandishi ya kutisha ili OpenAI iweze kufundisha mfumo wake. Kwa mujibu wa mikataba ambayo jarida hilo liliiona, Sama ilikuwa inalipwa dola 12.50 kwa saa. Mfanyakazi alikuwa anaondoka na kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Wale walikuwa waajiriwa, si watu wa kujitegemea kama sisi, lakini hesabu ya mnyororo ni ileile: fedha zinapotoka kwa mteja ni nyingi, zinakonda njiani, na anapotakiwa mtu wa kubana matumizi anaitwa yule wa mwisho. Siku ukiletewa barua ya marekebisho, swali la kwanza liwe hili: je, mteja wenu naye amewakata? Niliwauliza. Hawakunijibu.

Nikija kwenye "usipokubali wewe atakubali mwingine", nasema kweli, atakubali. Yupo. Ana njaa, au ndiyo kwanza ametoka chuo, au anadhani kazi ya kulinganisha saa za Kizungu na za Kiswahili haimhusu. Lakini kukubali kwako hakumzuii huyo mwingine. Kunamlazimisha ashuke chini yako. Na usidhani kukubali kunakulinda. Machi 2024 vijana wa Kenya waliokuwa wakifanya kazi za vipande kwenye jukwaa la Remotasks waliamka wakakuta milango imefungwa. Kampuni ilikuwa imeamua kuondoka nchini mwao. Waliokuwa wakikubali kila bei na waliokuwa wakilalamika walifungiwa siku moja.

Asiyekuwa na mkataba wa kudumu hana kinga yoyote anayopewa kwa unyenyekevu. Nguvu yake ni moja, kutokuwepo, na hilo si wazo jipya katika pwani yetu. Neno kibarua limetokana na barua, ile karatasi ndogo aliyopewa mtu wa kazi ya kutwa kuthibitisha kwamba siku yake imehesabiwa. Tarehe 13 Januari 1947 vibarua wa bandari ya Mombasa, pamoja na watu wa reli, wa hoteli na watumishi wa majumbani, waliacha kazi mji mzima, wakakaa bila kazi karibu wiki mbili. Serikali ya kikoloni ililazimika kuunda baraza la kuchunguza malipo yao, na malipo yakaongezwa. Chege Kibachia, aliyejitokeza kuwaongoza, alikamatwa baadaye mwaka huohuo, akakaa kizuizini miaka kumi hivi. Watu wale hawakuwa na likizo wala akiba. Walikuwa na kitu kimoja ambacho sisi hatuna: walionana kila alfajiri getini. Sisi kila mmoja yuko chumbani kwake na kompyuta yake, na barua ya kukatwa inamfikia peke yake, usiku.

Na tukitaka kukutana, sheria inatukunjia uso. Kampuni moja ikiwaandikia watafsiri elfu moja na kuwapangia wote bei moja, hiyo inaitwa sera ya manunuzi. Watafsiri hao elfu wakikubaliana bei moja, hiyo inaitwa njama ya kuvuruga ushindani. Marekani ilikwisha kulifanya hilo kwa wakalimani: mwaka 1997 tume yao ya biashara iliwatolea uamuzi wakalimani wa mikutano wa chama cha AIIC kwa kupanga viwango. Sheria za ushindani za Tanzania na Kenya nazo zinawakataza washindani kupanga bei pamoja, na ziliandikwa zikiwaza viwanda vya saruji na wauza mafuta, hazikumwaza mtu mmoja mwenye kompyuta moja. Umoja wa Ulaya umekwisha kuliona kosa hili. Septemba 2022 Kamisheni yao ilitoa mwongozo unaosema kwamba wanaojitegemea wasio na wafanyakazi, walio katika hali dhaifu mbele ya mteja, wanaweza kujadiliana malipo kwa pamoja bila kuhesabiwa wamevunja sheria ya ushindani. Jiji la New York tangu 2017 lina sheria inayotaka kazi ya kujitegemea ya dola 800 au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na malipo yafanyike ndani ya siku 30 baada ya kazi kukamilika kama mkataba haukutaja tarehe. Wabunge wetu wa Dodoma na Nairobi wanaozungumzia ajira za kidijitali kwa vijana katika kila kikao, hili ndilo la kuwadai. Si semina. Si kongamano la ujasiriamali. Mkataba wa maandishi, siku 30, na haki ya kukaa meza moja.

Wapo pia wanaoitwa wa kujitegemea na si wa kujitegemea hata kidogo. Unafika ofisini saa 2 asubuhi, unatumia vifaa vyao, unamtumikia mmoja tu, halafu mwisho wa mwezi unaandika ankara. Kwa Tanzania, isome Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61: ikiwapo hata moja kati ya dalili zilizoorodheshwa pale, sheria inakuchukulia kuwa mwajiriwa hadi ithibitishwe vinginevyo. Mtu wa namna hiyo akiletewa barua ya kukatwa, asijadili kiwango kabla hajamwona afisa kazi.

Kwa sisi wengine, kuna mambo tunayoweza kufanya bila kusubiri bunge. Usimjibu mteja kwa "ndiyo" au "hapana" peke yake. Mwambie bajeti yake inanunua nini kwa bei yako. Ana dola 400 kwa kazi ya maneno 10,000? Kwa senti 6 hizo ni maneno 6,600 hivi. Achague kurasa zipi ni muhimu. Utashangaa jinsi bajeti inavyoongezeka mteja anapotakiwa kuchagua. Akitaka nafuu, alipe kwa kitu: anayelipa baada ya siku 60 akilipa ndani ya siku 10, nampunguzia asilimia tano, kwa sababu hizo ni fedha ninazoweza kulipia ada ya shule mapema. Hapo nimeuza kitu nikapewa kitu. Na kama ni hospitali ya kijijini au kikundi cha walemavu kisicho na fedha, nafanya bure, naandika ankara yenye bei kamili, kisha mstari wa chini naandika kwamba nimewatolea. Sadaka itolewe kwa jina lake la sadaka.

Sitaficha gharama. Wakala yule wa miaka sita hajaniletea faili tena mpaka leo. Miezi minne iliyofuata ilikuwa mibaya. Nilikopa kwenye kikoba chetu, nikauza jenereta, nikachelewesha kodi na mwenye nyumba akanisema mbele ya majirani. Katika saa zile ambazo ningekuwa nazimaliza kwa senti 4 niliandika barua 31 kwa wateja wa moja kwa moja. Waliojibu ni watano, waliobaki ni wawili. Hao wawili wananilipa zaidi ya senti 6. Kipato changu bado hakijafika pale kilipokuwa, lakini nafanya kazi saa nane na nalala usiku.

Ndiyo maana simlaumu yule mwenzangu aliyebonyeza. Mwenye mtoto mgonjwa na siku tatu za kodi hapangiwi ushujaa na mtu yeyote. Ninachomwomba ni kimoja: asikiite alichofanya uamuzi wa biashara, na asikizoee. Kiwango cha shida kina tarehe ya kuanza. Akipe na tarehe ya kuisha, akiandike, na amjulishe wakala.

Kwa hiyo, dada, simu yako naijibu. Fungua ile barua waliyokuandikia. Waambie kwamba senti 4 zinaishia mwisho wa mwezi ujao, na kwamba baada ya hapo kiwango chako ni senti 6 kama zamani. Usieleze maisha yako, usiombe radhi, usitaje watoto. Ukishaituma, nipigie. Kati ya wale wateja wawili, mmoja ana kazi inayonizidi, na nimekwisha kumpa jina lako na bei yako, ile ya zamani.